Wakwe Wawili, Meza Moja

Mwanamke akikwambia hana wivu, mtazame shingo. Akiikaza, ujue anao wa kumtosha na wa kuwakopesha majirani. Mama Mkubwa aliikaza shingo kila alipoulizwa habari za mkwe wake, na aliulizwa mara nyingi, maana watu hawana kazi.

Tuanze na hiyo kazi yenyewe. Mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu hajaota meno, alisomea ushauri nasaha, yaani kukaa na mtu mwenye dhiki na kumsikiliza mpaka dhiki ichoke. Alipomaliza akakodi vyumba viwili na stoo juu ya duka la rangi. Chumba cha ndani alikaa yeye, Mshauri, na watu wake mmoja mmoja. Cha nje walingojea wengine. Karibu na mlango kulikuwa na redio iliyoimba polepole kutwa nzima, si kwa burudani. Mlango ulikuwa mwembamba na masikio ya binadamu hayana kifuniko. Harufu ya rangi ilipanda ngazi na kuingia bila kugonga. Mtu akilalamika kwamba inamuumiza kichwa, Mama Mkubwa alimjibu, "Kichwa umekuja nacho, baba. Kaa, utaitwa."

Meza ya chumba cha nje ilikuwa ya Mama Mkubwa. Elimu yake ilikuwa ya shule ya msingi, na hakuona aliyoyakosa baada ya hapo. Watu wengi walikuja na kadi za bima, na kila aliyekuja alijaziwa fomu: namba ya kadi, tarehe, sababu ya kuja, sahihi ya mteja, muhuri wa Mshauri. Mwisho wa mwezi Mama Mkubwa alizipanga fomu kwenye bahasha, akazibana kwa mpira, akazikumbatia kifuani na kuzipeleka mwenyewe kwenye dirisha la kampuni ya bima. Kampuni ikiridhika ililipa. Isiporidhika ilizirudisha, kama mtu anavyorudisha nyama buchani akishaifungua nyumbani.

Mshahara alipewa, lakini hakuwa akiamkia mshahara. Alichoamkia kilikuja jioni, mteja wa mwisho akishashuka ngazi. Mshauri alitoka chumba cha ndani, akavua viatu, akapanda kwenye kona ya meza na kukaa juu yake miguu ikining'inia, kama alivyokuwa akikaa juu ya meza ya jikoni alipokuwa mtoto. Mama Mkubwa alimmiminia chai.

"Leo masikio yamechoka," Mshauri angesema.

"Yapumzishe. Nitasema mimi."

Basi akasema yeye, na mtoto akacheka, na hapo siku ilikuwa imelipwa.

Matatizo yalianzia kwenye sababu. Ile nafasi ya sababu ya kuja, bima ilitaka iandikwe namba, kwa kuwa kila ugonjwa wa moyo na akili una namba yake kwenye kitabu chao. Namba aliijua Mshauri. Lakini Mshauri alikuwa na watu wengi, akisahau mara kwa mara kuijaza, na Mama Mkubwa hakuweza kuvumilia kuona nafasi tupu. Akaijaza mwenyewe, kwa huruma na kwa macho yake: "Analia sana." "Amefiwa na hajakubali." Kwenye fomu ya mama mmoja aliyekuwa akija kila wiki aliandika, "Mume mkorofi."

Zikarudi. Juu ya kila moja kampuni iliandika kwa wino mwekundu: Sababu haieleweki.

"Haieleweki?" Mama Mkubwa alisema. "Wangemwona huyo mume wangeelewa."

Mshauri alishika kichwa. "Mama Mkubwa, habari za watu hizi haziandikwi hivi. Na wewe umejuaje habari ya mume?"

"Alikuja kumchukua mkewe siku moja. Hakusalimia."

Mume wa Mshauri, kijana mpole asiyejua moto anaouwasha, alisikia habari ya fomu zilizorudi akapata wazo. Mama yake mzazi alikuwa amestaafu juzi tu kutoka kampuni ya bima, tena alikuwa kitengo cha madai, kile kile kinachopokea fomu na kuzirudisha. Alikuwa nyumbani akipanga vijiko upya kila siku. Kwa nini asije akasaidia?

Akaja, mwezi ulipoanza. Alikuja na mto wake wa kukalia, kikombe chake, na miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Kwa sababu ya mnyororo huo Mama Mkubwa alimpa jina la Miwani, la kumwita moyoni. Sisi tutamwita hivyo hivyo waziwazi, maana hadithi ina wakwe wa kutosha.

"Mkwe wangu," Miwani alisema huku akiweka mto kwenye kiti, "mimi nimekuja kukushika mkono tu. Meza ni yako."

"Karibu, mkwe wangu. Meza ni yetu," alijibu Mama Mkubwa, na akazisogeza bahasha zake kwa upana hadi zikafika katikati.

Kompyuta ya ofisi, ambayo mpaka siku ile ilikuwa imefunikwa kitambaa na kuwekewa chupa ya chai juu, ilifunuliwa. Miwani aliiwasha, akavaa miwani, akapiga vitufe kama mtu anayechambua mchele. Mteja alipotoka chumba cha ndani, kabla hajafunga mlango vizuri, Miwani alikwisha kumwomba Mshauri namba ya ugonjwa, akaiingiza. Mteja aliyekaribia kumaliza idadi ya mahudhurio aliyoruhusiwa, Miwani alimwombea kibali kipya mapema. Tena hakuwa na majivuno. Angalau angejivuna kidogo, Mama Mkubwa akapata pa kushika.

Nasema kweli, kwa sababu uongo hausaidii: alikuwa anaijua kazi. Fomu zile za zamani zilizorudi, alizirekebisha na kuzituma tena, na zikalipwa.

"Mama, umeniokoa," Mshauri alimwambia.

Mama. Neno hilo lilimpata Mama Mkubwa akiwa anapanga vikombe, na vikombe vikagongana. Yeye aliitwa Mama Mkubwa. Miaka yote aliamini kwamba hiyo "Mkubwa" imeongezwa ili kumpandisha juu. Siku ile ilionekana kwake kana kwamba imeongezwa ili kumweka pembeni. Huyu wa juzi anaitwa Mama mtupu, bila mkia, na aliyemwogesha mtoto, akamkeshea alipougua surua, ana mkia.

Likazidi lingine. Jioni ile Mshauri alipotoka na kuvua viatu, hakupanda kona yake ya siku zote. Kona hiyo ilikuwa imejaa bahasha. Upande wa Miwani meza ilikuwa nyeupe, haina hata karatasi, kwa sababu karatasi zote zilikuwa ndani ya kompyuta. Akapanda huko. Akawa amempa Mama Mkubwa mgongo.

"Leo masikio yamechoka," alisema, akimwambia Miwani.

"Basi tunyamaze, mwanangu," alisema Miwani.

Wakanyamaza, wote wawili, kwa raha. Mama Mkubwa hakuwahi kujua kwamba mtoto anapenda kunyamaziwa. Alimimina chai ikafurika kwenye kisahani.

Kesho yake bahasha zote ziliondolewa kwenye kona na kupangwa chini ya meza, na kona ikafutwa mpaka ikang'aa. Haikusaidia. Mguu ukishazoea njia, umeizoea.

Ndipo akaanza kutafuta kosa. Alimchunguza Miwani kama mwenye duka anavyoichunguza noti kubwa. Alihesabu safari zake za chooni. Alisubiri achelewe, naye hakuchelewa. Alisubiri kompyuta izime, ikazima kweli siku umeme ulipokatika, na Miwani akatoa kalamu akaendelea kwa mkono, mwandiko umelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mama Mkubwa akajaribu kupitia kwa wateja. Alikuwako seremala mmoja, mpole, karakana yake iliungua na tangu hapo halali. Alikuwa anangojea zamu yake, Miwani yuko stoo, na Mama Mkubwa akamwinamia.

"Vipi, baba, unaona mabadiliko hapa?"

"Naona."

"Watu wanalalamika kidogo. Wanasema siku hizi mtu anapokewa na mashine."

"Mimi naona vizuri tu," alisema seremala. "Zamani bima walikuwa wananipigia simu kuniuliza 'amepatwa na moto' ni ugonjwa gani. Siku hizi hawapigi."

Mama Mkubwa aliinuka. "Redio iko juu sana," alisema, akaenda kuipunguza, na ilikuwa haisikiki.

Mwezi ukaelekea ukingoni. Ijumaa asubuhi Mshauri alipita akiwa na haraka, akasema bila kusimama, "Madai ya mwezi huu Mama atayatuma. Jumatatu, eti, Mama?"

"Jumatatu, mwanangu," alisema Miwani.

Akufukuzaye hakwambii toka. Mama Mkubwa alikaa na maneno hayo asubuhi nzima. Kupeleka madai kulikuwa kwake. Kupanda ngazi za bima, kusimama kwenye dirisha, kugongewa muhuri wa kupokea, kurudi na ile nakala na kuiweka mbele ya Mshauri, huyo ndiye alikuwa yeye. Akinyang'anywa hilo, atabaki na chupa ya chai. Na chupa ya chai hata mkwe anaweza kuinua.

Fomu za karatasi zilikuwapo bado, kwa sababu mteja lazima atie sahihi kwa mkono. Mchana, Miwani alipokuwa anaongea na simu, Mama Mkubwa alizitoa chini ya meza moja moja. Palipokuwa hapana namba kwenye sababu (Miwani namba zake aliziingiza kwenye kompyuta, si kwenye karatasi) akajaza kwa kalamu yake, maana dirishani hawapokei nafasi tupu. Safari hii alijitahidi kuwa mtaalamu. "Huzuni ya moto." "Usingizi umemkimbia." Ya yule mama wa kila wiki aliandika, "Ndoa," akaona inatosha. Akagonga mihuri, akabana mpira.

"Natoka kidogo," alisema.

"Unakwenda mbali, mkwe wangu?" aliuliza Miwani, jicho lake likiwa juu ya bahasha zinazochungulia kwenye mkoba.

"Hapa na pale, mkwe wangu."

Jioni alirudi na nakala yenye muhuri. Akaiweka mbele ya Mshauri aliyekuwa anatafuta viatu vyake.

"Ni nini hii?"

"Madai. Yamekwenda. Kwa nini tungoje Jumatatu kama watu wasio na miguu?"

Mshauri alikuwa amechoka, akatabasamu. "Ahsante, Mama Mkubwa." Kwa tabasamu hilo moja Mama Mkubwa alilala kama mtoto mchanga.

Asilolijua ni hili. Miwani naye alikuwa na shingo. Ukimwona mtu mtulivu usidhani maji yake hayachemki. Pengine kifuniko ndicho kizuri. Miwani alikuwa amekaa nyumbani kwa mwanawe akipanga vijiko, hakuna anayemhitaji, na sasa amepata mahali anapoambiwa "umeniokoa". Aliziona bahasha mkobani, akajua zinakokwenda. Mama Mkubwa alipofika chini ya ngazi, Miwani alikuwa amekwisha kutuma madai yote ya mwezi kwa kompyuta. Hakungoja Jumatatu, na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo kampuni ya bima ikapokea madai ya watu wale wale, kwa siku zile zile, mara mbili. Mbaya zaidi, kwa magonjwa mawili. Kwenye kompyuta seremala alikuwa na namba fulani ya heshima. Dirishani, mtu huyo huyo siku hiyo hiyo alikuwa na huzuni ya moto. Ukikaa ofisini mbali na watu ukaona mambo kama hayo, huoni bibi wawili wanaogombea mtoto. Unaona wezi.

Barua ikaja. Malipo yamesimamishwa. Mkaguzi atafika, na ikionekana ni udanganyifu, mkataba utavunjwa. Mshauri aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye viti vya wateja.

"Mkataba ukivunjwa nafunga," alisema. "Watu wangu karibu wote wanakuja kwa kadi. Nitawaambia nini?"

Hakuuliza nani. Alijua kwa kuwatazama, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo na begi kubwa. Alikataa chai. Akapanga karatasi mezani, za dirishani upande huu, za kompyuta upande huu, akamgeukia Mshauri.

"Nataka kujua jambo moja. Nani alipeleka, na nani alimtuma?"

Redio ikaimba peke yake. Mama Mkubwa alikuwa ameshayapanga ya kusema tangu juzi: yeye alipeleka kama alivyopeleka siku zote, kwa haki, aliyetuma nyuma yake ndiye mwenye kosa, na aitwe kwa jina lake. Akafungua mdomo.

Miwani akawahi. Alivua miwani ikaanguka kifuani. "Kosa ni langu," alisema. "Nilimwona anatoka na bahasha. Nilijua anazipeleka. Nikatuma na mimi, makusudi. Binti yangu huyu hajui lolote. Mwandike mimi."

Mshauri akamtazama. Macho yakamlegea, akanyoosha mkono na kumshika Miwani begani, na ule mkono ukakaa pale, haukuondoka.

Ndugu zangu, wivu hauchagui. Mama Mkubwa angeweza kushukuru na kunyamaza. Mwenziwe alikuwa anajitwisha mzigo wote. Lakini aliuona ule mkono begani, na akaona kwamba sasa hata lawama anachukua huyu, na anapendeza nayo.

"Usimsikilize," alimwambia mkaguzi. "Kosa ni langu."

"Mkwe wangu, niachie hili," alisema Miwani.

"Sikuachii. Mangapi nimekuachia tangu uje? Baba, andika mimi. Yeye amebonyeza kidude akiwa amekalia mto. Mimi nimetembea kwa miguu yangu na goti linaniuma. Kosa la nani kubwa?"

"Ulikuwa hujui nitatuma," alisema Miwani. "Kosa ni la aliyejua."

"Nilijua. Nilijua umeambiwa utume wewe, nikaenda. Na hizo sababu zote nimeziandika mimi, hakuna aliyenisaidia."

"Hizo kweli ni zake," Miwani alimwambia mkaguzi.

"Unaona? Anakiri."

"Nakiri langu, sikiri lako."

"Basi mkwe wangu chukua lako, na mimi nichukue langu, halafu apime."

Mkaguzi alikuwa amewainulia nyusi. Akaufunga mfuko wa begi, akaufungua tena. "Mimi ni mtu wa zamani katika kazi hii," alisema kwa sauti yake ndogo. "Nimewazoea wanaokana. Mwizi anayegombania kosa sijakutana naye bado." Akamgeukia Mshauri. "Huu si udanganyifu. Lakini lazima niandike ni nini. Unaitaje hali kama hii, wewe mtaalamu?"

"Wivu," alisema Mshauri.

"Wivu hauna namba," walisema mkaguzi na Miwani kwa pamoja.

"Na ndiyo maana nilikuwa nikiandika kwa maneno," alisema Mama Mkubwa.

Mkaguzi akaandika kosa la kiofisi. Akafuta madai ya dirishani, akabakiza ya kompyuta, akaomba chai aliyoikataa. Ila alitoa sharti: kuanzia siku hiyo madai yatoke kwa mkono mmoja, na jina la mwenye mkono aandikiwe sasa hivi, kabla hajashuka ngazi.

Mshauri hakuangalia upande wowote. Alizungusha kikombe. "Andika mama mkwe wangu," alisema. "Kazi hiyo anaiweza."

Lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliuma. Mama Mkubwa aliinuka akaenda dirishani, akatazama chini watu wakipakia makopo ya rangi. Mkaguzi alipokwisha kuondoka Mshauri alimfuata.

"Umenikasirikia."

"Nani, mimi? Nakasirika kwa lipi? Nitakwenda nyumbani, nitapanga vijiko."

"Hakuna anayekwenda nyumbani. Mama anahamia stoo na kompyuta yake, huko kuna utulivu wa hesabu. Hapa mbele unabaki wewe. Watu wakifika juu ya ngazi wanataka wamkute mtu, na wamekuzoea wewe. Ila kalamu nitakuondolea."

"Yote?"

"Nitakuachia ya kuandika nani ameingia na saa ngapi. Si kwa nini."

Hilo halikuwa ushindi, lakini Mama Mkubwa alijua kuligeuza likawa. Wiki nzima alitembea kifua mbele. Meza nzima yake, dirisha lake, ngazi zake. Miwani kule stoo, katikati ya mafagio na makaratasi, hana hata tundu la kupitisha nzi. "Mkwe wangu, unapumua huko?" alimwuliza kila asubuhi, kwa upendo mkubwa.

"Napumua, mkwe wangu. Kuna ubaridi mzuri."

Mpaka jioni moja. Mteja wa mwisho alishuka. Mshauri alitoka, akamshika Mama Mkubwa shavu akipita, akachukua kikombe chake cha chai, na akaendelea na safari, viatu mkononi, mpaka stoo. Mlango ukafungwa. Mama Mkubwa alisubiri. Alisikia kimya, kile kimya chao cha raha, halafu kicheko cha mmoja, halafu cha wawili.

Alitazama meza yake nzima. Alitazama dirisha. Vitu vizuri vyote, na havicheki.

Akafunga mlango wa ngazi kwa ufunguo. Akashika kiti chake kwa mgongo, akakiburuta sakafuni mpaka stoo kikipiga kelele njia nzima, akausukuma mlango kwa goti lile lile linalouma. Mshauri alikuwa amekaa juu ya boksi la karatasi, miguu mitupu, amemwegemea Miwani.

"Karibu, mkwe wangu," alisema Miwani, "ila hapa nafasi ni finyu."

"Nimeona. Sogea."

"Nisogee wapi, na nyuma yangu ni ukuta?"

"Basi inua mto."

Mshauri alianza kuinuka awape nafasi, na wote wawili wakamwambia kaa. Miwani akavuta magoti upande. Mama Mkubwa akakiinua kiti juu ya mafagio, akakipitisha juu ya kompyuta, akakishusha katikati yao na kuketi, goti huku likimgusa mtoto, goti huku likimgusa mkwe.

"Haya," alisema. "Mlikuwa mnacheka nini?"